Kompyuta ya Mbali Haipatikani

Lurambi, Kakamega
3 Machi 2025

Omukhwe wangu Wesley,

Mulembe. Natumaini uko salama, wewe na Abigail wangu. Je, miguu yake imeacha kuvimba? Mwambie asiining'inize kitini siku nzima, mimba haipendi hivyo. Mimi huku sijambo. Kifua kilinisumbua kidogo wiki jana, sasa kimeniachilia. Mahindi tumepanda na mvua ya alasiri inakuja bila kukosa.

Najua vijana mngependa nipige simu. Lakini mimi ni mama wa zamani. Mkwe hanishiki mkono wala hanioni nikila, sasa sauti yake iniingie sikioni nikiwa chumbani kwangu? Barua pepe inatosha. Tena kuandika si mzigo kwangu. Tangu nilipomaliza kidato cha nne, kila siku huandika mambo ya siku hiyo kabla ya kulala.

Shida yangu ni hii. Unajua kampuni yetu ya bima ilifunga ofisi ya Kakamega mwezi wa Januari, na sisi makarani tukapewa laptopu tufanyie kazi nyumbani. Tuliambiwa kompyuta zetu za zamani zimehamishiwa makao makuu huko Nairobi, na kwamba tutazifikia kwa mtandao na kuzifungua kama tumekaa mbele yake. Mimi hata sijaingia mara moja. Kale ka kufuli ka VPN kanakuwa kijani vizuri, lakini nikibonyeza kompyuta yangu, namba saba, duara linazunguka, linazunguka, halafu linaniambia kompyuta ya mbali haipatikani.

Barua ya meneja, Bi Rachael, inasema karani ambaye hataonekana ndani ya kompyuta ya ofisi mpaka mwisho wa Mei atahesabiwa kuwa ameacha kazi kwa hiari yake. Neno alilotumia ni mtoro. Nimekagua fomu za hospitali tangu Abigail akiwa darasa la pili, na hata shuleni sikuwahi kuandikwa mtoro. Kwa kuwa wewe ndiwe mtu wa kompyuta pale makao makuu, nisaidie nisiandikwe hivyo uzeeni.

Msalimie mwanangu.

Mama mkwe wako,
Zipporah


Nairobi
6 Machi 2025

Mama mkwe mheshimiwa,

Mulembe muno. Nimefurahi kusikia kifua kimepona. Abigail anakula vizuri, miguu imepungua, lakini amenikataza kupika vitunguu ndani ya nyumba. Kila jioni natoka na jiko hadi uani kama mtu aliyefukuzwa.

Usiwe na wasiwasi, Mama. Shida yako ni ya kawaida. VPN ni kama handaki linalochimbwa chini ya mtandao wa watu wote, kutoka nyumbani kwako mpaka kwetu. Kufuli likiwa kijani, ujue handaki limefika. Kilichobaki ni mlango wa kompyuta yenyewe. Tafadhali fanya hivi. Zima laptopu, ngoja kidogo, uiwashe tena. Hakikisha saa na tarehe yake ni sawa. Halafu, unapoandika jina lako, tanguliza jina la kampuni na mkwaju, ile alama ya mstari ulioinama, ndipo uandike jina lako. Wengi hukosea hapo.

Nikiwa na wafanyakazi wengine, huwa naingia ndani ya laptopu yao nikiwa huku huku, naona skrini yao na kurekebisha mwenyewe. Kwako sitaweza. Abigail ameniambia laptopu umeiweka katika chumba cha kulala. Kuingia humo, hata kwa macho ya mashine, ni kukukosea heshima. Nitakuelekeza kwa barua mpaka tufaulu.

Mkwe wako,
Wesley


Lurambi, Kakamega
11 Machi 2025

Omukhwe wangu,

Mulembe. Natumai barua hii itawakuta wote wawili mkiwa na afya. Kuhusu vitunguu, Abigail alimrithi mama yangu. Atavirudia mtoto akizaliwa.

Nimefanya yote. Nimezima na kuwasha. Saa ilikuwa sawa. Nimeandika jina la kampuni, mkwaju, jina langu. Kisha nikafikiri labda mtandao wa chumbani ni mwembamba, nikahamisha meza hadi sebuleni, baadaye hadi mlango wa jikoni ambapo simu hushika vizuri. Kuku wamezoea kulala hapo na hawakutaka kuondoka. Nilifanya kazi ya kutofanya kazi nikiwa na ingokho moja juu ya mguu wangu.

Jibu ni lile lile. Nimelisoma mpaka mwisho safari hii. Nakuandikia kwa Kiswahili maneno yake. Linasema kompyuta ya mbali haipatikani kwa mojawapo ya sababu tatu: ama haijaruhusiwa kufikiwa, ama imezimwa, ama haipo kwenye mtandao. Niambie ni ipi kati ya hizo.

Osiako, yule karani mwenzangu anayekaa Butere, naye amekwama hapo hapo. Jumamosi tulikutana sokoni. Akaniuliza, "Mama, mkwe wako ndiye fundi mwenyewe na bado umekwama? Si akuingilie tu kwa mashine amalize!" Nikamwambia huyo si mkwe wa kuingia chumba cha mama mkwe wake. Akacheka sana, lakini wale akina mama wa kanisani waliokuwa wakipima maharagwe hawakucheka. Mmoja alisema wakwe wa siku hizi hawajui hata kukupisha njiani, na mimi nina bahati. Nilirudi nyumbani nimeinua kichwa. Nimekwambia ili ujue kwamba tunaona.

Mama mkwe wako,
Zipporah


Nairobi
22 Machi 2025

Mama mpendwa,

Mulembe. Samahani kwa kukawia, kazi imekuwa nyingi. Sisi ni wazima. Abigail anakusalimu, anasema umtumie mboga ya murere kama kuna mtu anakuja huku.

Usiangalie sana ule ujumbe wa sababu tatu. Mashine huandika hivyo hivyo kwa kila shida, ni kama daktari anayesema malaria kabla hajakupima.

Nadhani tatizo ni modemu yako ya nyumbani. Inagawa anwani zinazofanana na za ofisi. Basi laptopu ikiitafuta kompyuta namba saba, inadhani iko humo humo nyumbani kwako, haipiti handakini. Waombe watu wa kampuni ya mtandao waje wabadilishe anwani za modemu. Wakikataa, tumia mtandao wa simu. Ukishindwa, futa programu ya VPN uiweke upya. Niandikie matokeo ya kila hatua, hata kama ni marefu.

Mkwe wako,
Wesley


Lurambi, Kakamega
4 Aprili 2025

Omukhwe,

Mulembe. Mimi si mgonjwa ila nimechoka. Murere nilimpa Immaculate wa dukani aliyekuwa akija Nairobi. Natumai ulifika kabla haujanyauka.

Watu wa mtandao walikuja mara ya pili niliyowaita. Walibadilisha anwani, nikawapikia chai, wakaondoka. Haikufunguka. Nikatumia mtandao wa simu. Haikufunguka. Nikafuta VPN nikaiweka upya, kufuli likawa kijani, haikufunguka. Nikaenda na laptopu hadi saiba moja ya intaneti karibu na stendi. Kijana wa pale akaangalia akasema, "Mama, hapa kwako kila kitu kiko sawa. Hawa watu wa upande ule ndio hawafungui." Nikamwambia mkwe wangu ndiye yuko upande ule. Akaomba msamaha.

Bi Rachael ameniandikia. Anasema kampuni imesikitika kuona sijaripoti kazini tangu Februari licha ya kupewa msaada wa kiufundi kila mara. Licha ya kupewa msaada. Nilisoma maneno hayo nikiwa nimesimama. Mimi huamka, huoga, huvaa nguo za ofisi, hukaa mbele ya lile duara linalozunguka mpaka saa ya kutoka. Sasa naambiwa sijaripoti.

Omukhwe, sikulaumu. Lakini nijibu swali moja ambalo hukunijibu. Je, umesimama mbele ya kompyuta namba saba ukaiona imewashwa? Ni mlango mmoja tu kutoka dawatini kwako, Abigail aliniambia. Nenda uitazame, uniandikie imewashwa au imezimwa. Neno moja linatosha.

Mama mkwe wako,
Zipporah


Nairobi
19 Aprili 2025

Mama,

Heri ya Pasaka. Tu wazima. Murere ulifika, Abigail alilia alipoisikia harufu yake.

Chumba cha mashine kiko chini ya idara nyingine sasa, nami siingii bila kibali. Nimeomba kibali. Wakati tunangoja, jaribu kupunguza ukubwa wa vifurushi vya data kwenye VPN, si vile vya kununua, ni vile vipande vinavyosafiri handakini. Maelekezo nimeyaambatisha, ni kurasa kadhaa, yafuate taratibu. Pia pata barua kutoka kwa kampuni ya mtandao ikithibitisha kasi yako.

Tafadhali usije Nairobi, Mama. Barabara ni mbaya kwa mvua hii na kifua chako si cha kusafiri. Daktari naye amesema Abigail asipate mshtuko wowote.

Mkwe wako,
Wesley


Lurambi, Kakamega
8 Mei 2025

Wesley,

Mulembe. Nimerudi salama. Unajua nimetoka wapi.

Hukuniambia imewashwa wala imezimwa, kwa hiyo nilienda kujionea. Sikumwambia Abigail. Nilishukia kwa dada yangu Kawangware, na asubuhi nikavaa kitenge changu cha kanisani nikaja ofisini kwenu. Yule msichana wa mapokezi, kitambulisho chake kinasema Shantel, aliniuliza, "Mathe, unatafuta nani?"

Nikasema, "Natafuta kompyuta yangu."

"Umeibiwa?"

"Hapana. Iko hapa. Ni namba saba ya Kakamega. Nataka kujua kama imewashwa."

Akacheka, lakini si kwa ubaya. "Zile za Kakamega? Mathe, hizo zilibebwanga kitambo. Hata sikukuu ya Valentine haikuwa imefika. Lori lilikuja likachukua zote."

"Zikapelekwa chumba gani?"

"Chumba? Ziliuzwa. Hata mimi nilitaka kununua moja ya mtoto, wakaniambia zinaenda kwa jumla."

Laptopu yangu nilipewa katikati ya Februari. Nilimwuliza tena ili nisimsikie vibaya, akarudia vile vile, akaniletea maji ya kunywa kwa sababu nadhani nilikuwa nimekaa vibaya kitini.

Ndipo ulipotokea kwenye ukumbi ukiwa na kebo begani. Uliniona. Ukageuka ukaangalia ukuta, ukainamisha kichwa kama mkwe aliyelelewa vizuri. Na mimi, kwa mazoea, nikavuta leso usoni na kukupa mgongo. Shantel akauliza, "Wes, si useme kitu? Huyu mathe ni wa kwenu?" Tukasimama hivyo, mgongo kwa mgongo, na ukumbi mzima ukipita katikati yetu. Nilingoja ugeuke. Nilikuwa nimeamua kwamba ukigeuka, nami nitageuka, na mila itusamehe sote kwa siku moja. Nikasikia viatu vyako vikienda.

Niliwaambia akina mama wa kanisani kwamba unaniheshimu. Nilihamisha meza nyumba nzima. Niliwapikia watu wa modemu chai. Uliniandikia kurasa na kurasa za kutafuta mlango wa nyumba ambayo ulijua imebomolewa.

Sitakuuliza kwa nini. Niandikie tu ni nani mwingine anajua.

Zipporah


Nairobi
14 Mei 2025

Mama,

Sijui nikusalimie vipi. Abigail ni mzima. Hajui kitu.

Nitakwambia yote. Mwezi wa Januari Bi Rachael alituita sisi wa kompyuta. Akasema kampuni haihitaji tena makarani wa Kakamega, ila kuwaachisha kazi kwa utaratibu ni gharama na kelele. Mtu akiacha kazi mwenyewe hakuna kelele. Kwa hiyo mlipewa laptopu na njia ya VPN inayofanya kazi kweli, ili isisemekane hamkupewa. Kompyuta za upande huu ziliuzwa. Kazi yangu ilikuwa kuwajibu kila mnapoandika, niwape jambo la kujaribu, mpaka Mei iishe. Majibu yangu yote yamehifadhiwa kama ushahidi kwamba mlisaidiwa.

Niliambiwa nikikataa, yuko mwingine wa kuyaandika, nami nitapoteza dawati langu. Abigail alikuwa tayari na mimba. Sikukataa.

Kuhusu kuingia ndani ya laptopu yako. Ningeingia, ningelazimika kukuonyesha kitu, na hapakuwa na kitu. Kila mtu nilimtafutia sababu yake. Osiako nilimwambia mtandao wa Butere hauwezi kubeba. Kwako sikuhitaji kutafuta, mila ilikuwa tayari. Ulipoandika kwamba wale mama walikuonea fahari, nilifunga barua ile na sikuweza kula siku hiyo. Hiyo si kujitetea.

Sasa sikiliza, Mama. Kuna fomu za zamani za hospitali za huko ambazo watu wa huku hawazielewi, na Bi Rachael amekubali kubakiza karani mmoja. Aliniambia nichague. Nimeliandika jina lako. Kompyuta ni mpya, anwani yake nimeiweka chini ya barua hii pamoja na neno la siri. Ukiingia kabla ya mwisho wa mwezi, jina lako halitaandikwa mtoro na kazi yako inaendelea mpaka ustaafu.

Sharti ni moja. Osiako na wengine wasijue, si kwa neno, si kwa ishara. Wakijua, watakwenda mahakamani, nami ndiye mwenye saini kwenye kila barua. Nitafukuzwa na pengine kushtakiwa, na mtoto atazaliwa hivyo. Nakuomba kwa ajili ya Abigail, si kwa ajili yangu.

Mkwe wako,
Wesley


Lurambi, Kakamega
20 Mei 2025

Wesley,

Salamu kwa Abigail.

Nilikaa na barua yako siku kadhaa. Nilifikiria kwenda kwa wakili pale mjini. Nilifika hadi mlangoni pake, nikamwona akilini mwanangu akiwa na tumbo lile na wewe ukiwa jela, nikarudi. Nilifikiria pia kukaa kimya, nisiingie, niandikwe mtoro pamoja na wenzangu. Hilo nalo lilinishinda. Miaka yote hiyo kazini, na mwisho wake uwe neno lile? Nitajibu nini nikiulizwa kanisani? Nitamwambia nini mjukuu?

Jana niliandika anwani uliyonipa. Mvua ilikuwa inanyesha, mtandao ulikuwa mwembamba kuliko siku zote, meza ilikuwa chumbani, kuku walikuwa jikoni. Ikafunguka. Mara ya kwanza, kabla duara halijamaliza kuzunguka. Nilikuwa nimeweka mikono mapajani. Nilitaka ikatae, Wesley. Ingekataa ningekuwa bado mtu wa kusaidiwa.

Kulikuwa na fomu zimepangwa zikinisubiri. Sijui kukaa mbele ya kazi bila kuifanya, nikazifanya mpaka saa ya kutoka. Katika shajara nimeandika tarehe tu.

Zipporah


Nairobi
23 Mei 2025

Mama,

Nimekuona kwenye mfumo. Asante. Jina lako limetolewa kwenye orodha. Bi Rachael amesifu kazi yako.

Daktari anasema mtoto atakuja kabla ya katikati ya Juni. Abigail anakutaka uje umshike mkono. Nitaondoka nyumbani siku zote utakazokuwa hapa, nitalala kwa rafiki, ili usione uso wangu na mila isivunjwe.

Mkwe wako,
Wesley


Lurambi, Kakamega
1 Juni 2025

Mwanangu Wesley,

Mulembe. Natumaini Abigail analala vizuri. Mwambie apunguze chumvi na atembee asubuhi. Mimi sijambo kabisa, kifua ni kizima, mahindi yameshika mbegu.

Jana, siku ya mwisho, Osiako alikuja. Alitoka Butere akiwa ameifunga laptopu yake ndani ya mfuko wa mbolea kwa sababu ya mvua. Alikuwa amelowa yeye, laptopu kavu. Akaketi sebuleni akaniuliza, "Mama, yako imekubali?"

Yangu ilikuwa juu ya meza mbele yetu, nimeifunga nilipomsikia akibisha.

Nikasema, "Bado, Osiako."

Akashusha pumzi akacheka. "Eeh! Basi tuko wawili. Nyumbani wamenicheka mpaka nikaanza kuamini ni mimi mjinga. Mke wangu anasema hata mtoto wa chekechea angekuwa ameshaingia." Kisha akanisogezea laptopu yake. "Wewe unaandikiananga na mkwe wako, umejua mambo mengi. Nisaidie mama yangu. Leo ndiyo leo. Wakiniandika mtoro, mimi nitaajiriwa na nani na hizi mvi?"

Nikaipokea. Nikamwambia aizime, angoje kidogo, aiwashe. Nikamwuliza kama saa yake ni sawa. Nikamwonyesha mahali pa kuandika jina la kampuni na mkwaju. Tukabadilisha mtandao, tukatumia simu yake, halafu yangu. Duara likazunguka. Nikamweleza kuhusu anwani zinazofanana, na handaki, na vifurushi. Alikuwa akiitikia kila neno na kuandika nyuma ya bahasha. Nikamwambia labda mtandao wa Butere ndio mbaya, ajaribu kwingine. Maneno yalinitoka vizuri, Wesley. Sikukwama popote. Unayaandika vizuri sana, mtu akiyasoma mara moja hayasahau.

Ilipofika saa kumi na moja alisema tuombe. Akaweka mkono juu ya laptopu yake, na mwingine juu ya yangu. Akafungua macho. "Yako iko na joto," akasema.

Nikasema, "Nimeshinda nikijaribu."

"Pole sana, mama," akasema, akafunga macho, akaniombea mimi kwanza kabla ya kujiombea yeye.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Nitakuja Nairobi mtoto akizaliwa. Usiende kulala kwa rafiki. Nitalala katika nyumba yako, nitakula mezani pako, na wewe ndiye utakayenipakulia. Mama mkwe humpa mkwe wake mgongo kwa sababu kuna kitu kati yao kinachotakiwa kulindwa. Nimekitafuta tangu jana baada ya Osiako kuondoka. Hakipo. Hakuna sababu ya mimi na wewe kufichana nyuso, ni uso mmoja. Ukinifungulia mlango, nitazame vizuri, nami nitakutazama, kisha tuingie tukale.

Mama yako,
Zipporah